Hewa ya Darasa: Hesabu ya Pumzi na Hesabu ya Joto

Wakuu wa shule, wajumbe wa kamati za ujenzi, wahandisi na mafundi, asanteni kwa kufika. Tuanze na chumba chenyewe.

Chukueni darasa la urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Lina mita za ujazo 168 za hewa. Waingie wanafunzi 40 na mwalimu wao, kisha mlango na madirisha yafungwe. Mtoto aliyeketi anaandika hutoa takriban lita 14 za hewa ukaa kwa saa. Hewa ya nje siku hizi ina hewa ukaa ya karibu ppm 420, yaani sehemu 420 katika kila milioni. Kwa watu 41, kiwango ndani ya chumba hicho hupanda kwa takriban ppm 60 kila dakika. Dakika kumi tu, mmeshafika 1,000. Kipindi cha dakika 40 kikiisha mko karibu na 2,800. Bila shaka hakuna chumba kinachofungwa hivyo kabisa. Hewa hupenya chini ya mlango na kwenye nyufa, kwa hiyo mwendo halisi ni wa polepole kidogo. Lakini mnaona kasi yenyewe ilivyo.

Hiyo 1,000 imetoka wapi? Ni kiwango alichopendekeza mwanasayansi wa afya Max von Pettenkofer wa Munich mwaka 1858, na hadi leo watu wa fani hii wanaitumia kama alama. Tuelewane hapa, maana watu hutishana bure: hewa ukaa kwa kiwango hicho haimdhuru mtu. Inatuonyesha ni kiasi gani cha hewa ya chumba kimekwisha kupita kwenye mapafu ya watu. Ukisoma ppm 2,500, maana yake katika kila pumzi 18 anazovuta mtoto, pumzi moja ni hewa iliyotoka kifuani mwa mwenzake. Kama kuna mwenye kifua kikuu au surua humo ndani, hesabu hiyo ndiyo inayoamua wangapi watapata.

Shule zina ushahidi wake. Mwaka 1974 shule ya msingi karibu na Rochester, New York, ilipata mlipuko wa surua. Mtafiti Riley na wenzake waliuchambua mwaka 1978 wakakuta mgonjwa wa kwanza alihusishwa na wenzake 28 walioambukizwa, waliokuwa katika madarasa 14 tofauti. Mtuhumiwa mkuu alikuwa mtambo wa hewa wa jengo, uliokuwa ukikusanya hewa ya vyumba na kuirudisha. Kiyoyozi cha ukutani tunachokiona kila mahali kinafanya jambo la aina hiyo hiyo ndani ya chumba kimoja: kinavuta hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha. Hakileti hewa mpya hata chembe. Shule inayoweka viyoyozi na kuziba madirisha imenunua ubaridi, na hapo hapo imepoteza hewa.

Upande wa pili wa ushahidi uko Lima, Peru. Watafiti walipima hospitali nane na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa kwa wastani wa kati, ilhali vyumba vyenye mitambo vilihesabiwa mara 12. Na majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalifika mara 40, wakati majengo mapya yasiyo na mitambo yaliishia 17. Wajenzi wa zamani hawakuwa na kipimo cha hewa ukaa, ila walijua kuacha tundu mahali panapostahili tundu.

Sasa darasa linahitaji kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilitaja lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu kwenye majengo yasiyo makazi. Uingereza, kwa shule zinazotegemea madirisha, inataka wastani wa siku usizidi ppm 1,500, na isitokee kukaa juu ya 2,000 kwa zaidi ya dakika 20 mfululizo. Sisi leo tutatumia lita 8 kwa mtu, ambazo zinawaweka watoto karibu na ppm 1,000. Kwa wanafunzi 40 ni lita 320 kwa sekunde. Hewa ya chumba chetu inabadilishwa yote karibu mara saba kwa saa.

Hiyo ni hesabu ya pumzi. Ipo ya pili, na michoro mingi inaanguka hapa kwa sababu mchoraji alidhani ameshamaliza.

Mtoto aliyeketi huipasha hewa inayomzunguka kwa takriban wati 60, mbali na joto linaloondoka kwa jasho na pumzi. Watoto 40 ni wati 2,400, sawa na pasi mbili za umeme zilizoachwa zinawaka asubuhi hadi mchana, kabla jua halijagusa paa. Ukipitisha zile lita 320 tu, hewa inayotoka itakuwa na joto zaidi ya ile ya nje kwa nyuzi sita na ushee. Nje nyuzi 28, ndani 34. Watoto wana hewa ya kuvuta, na bado wanasinzia. Ukitaka tofauti ishuke hadi nyuzi mbili, unahitaji mita moja ya ujazo kwa sekunde. Hiyo ni mara tatu ya hewa ya pumzi, na chumba kinabadilisha hewa mara 21 kwa saa. Darasa likiwa na watoto 80, zidisheni kila kitu mara mbili.

Kwa hiyo katika maeneo ya joto, atakayejenga kwa hesabu ya joto atakuwa ameshalipa deni la pumzi. Atakayejenga kwa hesabu ya pumzi peke yake atajenga tanuri lenye hewa safi.

Mita moja ya ujazo kwa sekunde inapitia wapi? Kwenye dirisha, lakini hapa fundi na mwalimu hawazungumzi kitu kimoja. Fundi anahesabu kioo. Upepo unahesabu uwazi. Chukueni dirisha la upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2. Kwenye mchoro ni mita za mraba 1.8. Likiwa la alumini la kuteleza, nusu moja daima inafunikwa na nusu nyingine, fremu nayo inakula. Unabaki na 0.8. Weka wavu wa mbu, na kwa upepo mdogo wavu unaweza kuiba theluthi moja hadi karibu nusu ya hewa. Mwisho wa hesabu dirisha lako linafanya kazi kama tundu la 0.5. Likiwa la kusukuma kwa chini, lenye bawaba juu na mkono wa chuma unaoishia sentimita 15, pima mwenyewe: ufa wa chini ni 1.5 mara 0.15, ongeza pembetatu mbili za ubavuni, jumla ni mita za mraba 0.4. Chini ya robo ya dirisha. La bawaba za pembeni linalofunguka wazi linakupa karibu 1.7. La luva, ambalo vipande vyake vinalala kabisa, karibu 1.5, na lina faida nyingine: unaweza kulifungua mvua ikinyesha. Nondo za milimita 12 zilizopangwa kila sentimita 10 zinakula asilimia 12, hilo linavumilika. Zile za maua na mapambo zinakula zaidi. Ni za kupendeza kwenye sebule ya mtu, darasani hazina kazi.

Kanuni za ujenzi za nchi kadhaa zinadai uwazi usiopungua asilimia 4 au 5 ya sakafu. Sakafu yetu ni mita za mraba 56, asilimia 5 ni 2.8, yaani 1.4 kila upande. Upepo wa mita moja kwa sekunde, ule unaopeleka moshi upande bila kutikisa majani, ukigonga ukuta moja kwa moja hupitisha takriban nusu ya eneo la tundu likizidishwa na kasi yake. Hapo mnapata mita za ujazo 0.7 kwa sekunde. Pumzi imetosha, joto halijatosha. Na upepo ukija kwa mshazari, ile nusu inashuka hadi karibu 0.3, nanyi mnabaki na 0.4. Ndiyo maana ushauri wetu ni asilimia 10 ya sakafu, igawanywe sawa pande mbili zinazotazamana. Si anasa. Ni kiasi kinachofanya kazi hata siku upepo unapokuja vibaya.

Pande mbili, tunarudia. Chumba chenye madirisha upande mmoja tu hupata hewa hadi kina cha mara mbili ya kimo cha dari, au mbili na nusu kama kuna matundu ya juu na ya chini. Kwa dari ya mita 3 ni mita 6 hadi 7.5, na hapo upepo uwe na huruma. Hewa ikiweza kuingia huku na kutokea kule, kina kinafika mara tano ya kimo. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni korido: jengo lilichorwa na baraza la wazi, baadaye mtu akaliziba kwa usalama au kupata ofisi, na madarasa yote ya upande huo yakageuka mifuko. Hewa isiyo na pa kutokea haiingii, hata ufungue dirisha ukubwa gani. Kama korido lazima ifungwe, toboeni ukuta kati yake na darasa juu ya linta, na ukuta wa nje wa korido uwe wa matofali ya matundu.

Siku ambazo hakuna upepo kabisa, kazi inafanywa na joto lenyewe. Hewa ya moto hupanda. Ikipata tundu juu inatoka, ya nje inaingia chini. Mita moja ya mraba ya tundu chini na nyingine juu, zikitengana mita 2 kwa kimo, tofauti ya joto ikiwa nyuzi 3, zinapitisha karibu lita 270 kwa sekunde. Haitapoza darasa, lakini karibu inatosheleza pumzi, na inafanya hivyo bila mtu kushika kitu. Kwa hiyo matundu ya juu, chini ya dari, yasiwe na kifungio cha kumpa kila mtu nafasi ya kuyafunga. Yafunikwe kwa wavu wa matundu makubwa wa kuzuia ndege na popo, na juu yake kuwe na upenu wa kukinga mvua. Katika nyanda za baridi yapunguzwe ukubwa, yasiondolewe.

Hapo tumezungumza hewa. Paa ni habari nyingine, na dirisha haliwezi kulitibu.

Bati tupu kwenye jua la mchana hufika nyuzi 60 hadi 70. Mtoto aliyeketi chini yake bila dari anachomwa na joto la bati kichwani, hata kama hewa inapita vizuri. Mwili unahisi takriban wastani wa joto la hewa na joto la nyuso zinazouzunguka: hewa 30 na nyuso 36 ni sawa na kukaa kwenye 33. Kipimajoto cha kawaida hakioni kitu hicho, na ndiyo sababu ya ubishi kati ya mkaguzi anayesema chumba kiko sawa na mwalimu anayesema hakikaliki. Tiba ni rahisi: chukueni mpira wa tenisi ya mezani wa milimita 40, upakeni rangi nyeusi au kijivu isiyong'aa, tobolea tundu, ingizeni ncha ya kipimajoto hadi katikati, ning'inizeni kwa kimo cha kichwa cha mtoto aliyeketi na msubiri dakika 15. Kingine kining'inie kando yake bila mpira. Tofauti ikizidi nyuzi 2 au 3, paa ndilo mgonjwa wenu.

Dawa zipo kadhaa na tunazipenda kwa mpangilio huu. Kwanza dari, pamoja na matundu kwenye upenu na kwenye kilele ili joto lililo juu ya dari litoke. Dari bila matundu inachelewesha joto tu, saa saba mchana inaanza kulirudisha chini. Pili, karatasi ya alumini chini ya bati, upande unaong'aa utazame chini na uachiwe nafasi ya hewa isiyopungua milimita 25. Ukiutazamisha juu, vumbi litaufunika ndani ya misimu michache na umepoteza fedha. Ukiubana kwenye bati au kwenye dari bila nafasi, unapitisha joto kama chuma kingine chochote. Tatu, rangi nyeupe juu ya bati, ambayo ikiwa mpya inarudisha asilimia 70 na zaidi ya jua. Inachafuka, kwa hiyo ioshwe kabla ya msimu wa joto. Bati jipya linalong'aa nalo linarudisha jua, lakini haliachii joto lake kirahisi, na likishika kutu faida yote imekwisha. Jambo moja pembeni: dari au mapaa makuukuu ya asbesto yasivunjwe wala kutobolewa na fundi wa kawaida. Kwa kazi hiyo aitwe mtaalamu.

Mnataka joto gani basi? Kwa majengo yasiyo na viyoyozi, kiwango namba 55 cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa joto na viyoyozi cha Marekani, kina fomyula rahisi: zidisha wastani wa joto la nje kwa 0.31, ongeza 17.8. Wastani wa nje ukiwa 27, jibu ni nyuzi 26, na watu wengi huvumilia hadi karibu 29.7. Mwendo wa hewa wa mita 0.9 kwa sekunde unaongeza kikomo hicho kwa nyuzi 1.8. Angalizo: fomyula ilijengwa kwa majibu ya watu wazima, na tafiti za madarasani zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto hupendelea ubaridi zaidi. Mwalimu aliyesimama kwenye kivuli cha ubao asiwe ndiye kipimo.

Pangaboi inasaidia hapo, ila mjue inasaidia nini. Inausogeza upepo juu ya ngozi. Haileti hewa ya nje, haipunguzi hewa ukaa hata ppm moja. Pangaboi juu, madirisha yamefungwa: watoto wanajisikia nafuu huku wakivuta hewa ile ile. Mapanga yakae si chini ya mita 2.4 kutoka sakafuni na yaache angalau sentimita 30 chini ya dari, la sivyo yanazunguka bila kuvuta.

Nyanda za juu wana kilio kingine: asubuhi nyuzi 12, kila mtu anafunga. Kumbukeni zile wati 2,400. Darasa lililojaa linajipasha lenyewe. Kwa lita 320 hewa ya ndani inapanda nyuzi sita juu ya nje. Fungueni sehemu za juu za madirisha, siyo za chini, ili hewa baridi ichanganyike na ya moto kabla ya kufika shingoni mwa mtoto. Wakati wa mapumziko fungueni kila kitu kwa dakika 5. Kuta na madawati hayapoi kwa dakika 5, hewa inabadilika.

Na hewa ya nje yenyewe? Dirisha linaloelekea jiko la kuni, shimo la kuchomea taka au jenereta linaingiza moshi, na kipimo cha hewa ukaa hakitawaambia lolote. Hamisheni moshi. Kuziba dirisha ni kuchagua ugonjwa mmoja badala ya mwingine.

Kuhusu kipimo: nunueni chenye kihisi cha mwanga wa infraredi. Vile vya bei ya chini sana vinakisia hewa ukaa kutokana na harufu, na manukato ya mwalimu yanatosha kuvipotosha. Kitoeni nje kwanza. Kisome karibu na 420. Darasani kikae kimo cha mita 1 hadi 1.2, mbali na dirisha na zaidi ya mita moja kutoka mdomo wa mtu. Kisha fanyeni jaribio hili mara watoto wakitoka: acheni madirisha kama yalivyokuwa, andikeni usomaji, subirini dakika 10. Tuseme imeshuka kutoka 1,800 hadi 800. Toeni 420 kwenye kila moja: 1,380 na 380. Gawanyeni, mnapata 3.63, logi asilia yake ni 1.29, zidisheni kwa 6 kwa sababu dakika 10 ni sehemu ya sita ya saa. Chumba kinabadilisha hewa mara 7.7 kwa saa. Kwa darasa letu ni karibu lita 8.8 kwa mtu: pumzi imefaulu, joto bado.

Wasio na fedha mwaka huu waanze na bisibisi na mafuta. Zungukeni kila darasa mhesabu madirisha yaliyoshikwa na kutu, yaliyopakwa rangi yakagandana, yaliyopigwa misumari, na yale yaliyozibwa na kabati au mabango ya somo. Mkono wa dirisha unaoishia sentimita 15 ubadilishwe uwe wa sentimita 30. Uwazi unakua maradufu bila kugusa ukuta. Kiranja apewe kazi ya kufungua pande zote mbili dakika 15 kabla ya kipindi cha kwanza, na ndoano ziwepo, maana dirisha linalopigapiga kwa upepo litafungwa kabla ya saa nne, na hakuna atakayelifungua tena siku hiyo.

Wanaojenga sasa: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na jioni lisiingie, na safu za madarasa zitengane kwa mara tano ya kimo cha jengo lililo upande wa upepo. Pasipo nafasi hiyo, safu ya nyuma inakaa kwenye kivuli cha upepo, na zile asilimia 10 zote tulizozihesabu zitapata hewa iliyosimama. Kama kiwanja hakitoshi, sogezeni safu ya pili ubavuni ili isijifiche nyuma ya ya kwanza, na ukuta wa uzio ulio mbele ya madirisha uwe wa matofali ya matundu. Sasa tupokee maswali, na wenye michoro waje nayo mezani na rula.